Gunia la Mazoezi la Makochi

Benchi letu limeegemea ukuta wa jengo la ghorofa nne, palepale ngazi zinapoanzia, kwa hiyo mtu haingii wala hatoki bila sisi kukunja magoti apite. Lifti ya jengo ilikufa zamani, siku hizi humo ndani wanahifadhi mifagio. Kulia ni kibanda changu cha kunyolea, kushoto ni karakana ya Makochi, fundi anayejaza sponji na kushona viti vya watu, na katikati ni jiko la Mama Birika, mwenye kahawa yake na ulimi wake. Wa kudumu wengine ni Betri, anayechaji betri za magari nyuma ya jengo, na Refa, aliyewahi kuchezesha mechi moja tu ya mtaa, akakimbizwa uwanja mzima, akastaafu na jina. Jioni ile tulikuwa tumekaa wote isipokuwa Makochi. Yeye alikuwa amesimama, kikombe mkononi, na gunia la mchanga liko miguuni pake. Kubeba gunia ni ushauri wetu, nasema mapema ili msije mkatafuta mchawi.

Nieleze kidogo. Mama yake Makochi anaishi juu kabisa, ghorofa ya nne, kwa binti yake. Miguu yake haimbebi tena, na kila Alhamisi lazima afike kliniki. Kiti hakigeuki kwenye zile kona za ngazi, tulishajaribu, tukakwama nacho mpaka wapangaji wakaanza kutupita kwa kutukanyaga. Kubebwa na watu wawili hataki, anasema yeye si kabati. Kwa hiyo mwanawe ndiye humweka mgongoni, akamshusha, akamrudisha. Alipoanza kuhema sana tukampa wazo la gunia: kila jioni alipandishe mpaka juu, alishushe, apate nguvu. Amelipandisha kwa uaminifu wote, bila kuruka hata siku moja, na Alhamisi iliyopita, katikati ya ngazi, magoti yakamwishia. Mama ikabidi akae chini kwenye ngazi, mwanawe kaegemea ukuta, na kliniki ikafungwa wao bado wako kwenye kona ya ghorofa ya tatu. Kesho ni Alhamisi tena.

MAKOCHI: Mimi sielewi, jamani. Nilipoanza nilikuwa napanda napiga mluzi. Sasa nikifika ghorofa ya pili naona giza. Mazoezi yanazidi, nguvu zinapungua. Mmoja wenu anieleze.

BETRI: Kaa kwanza.

MAKOCHI: Nikikaa sinyanyuki.

BETRI: Ndiyo maana nakwambia kaa. Mwili ni betri, kaka. Ukiichaji mfululizo bila kuipumzisha inachemka, inavimba, mwisho inakumwagia maji yake kwenye suruali.

REFA: Si wewe uliyemwambia juzijuzi kwamba mwili ni betri, ukiiacha imekaa inakufa?

BETRI: Nilisema.

REFA: Sasa ashike lipi?

BETRI: Yote mawili. Betri ina chanya na hasi. Ukichukua upande mmoja tu, taa haiwaki.

Lilikuwa neno lenye dalili za maana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri kwamba hajaliona limeelekea wapi.

MAMA BIRIKA: Shida ya huyu si betri. Shida ni kununa. Anapanda uso umekunjamana, anashuka umekunjamana zaidi. Mwili haushiki nguvu ukiwa umenuna. Mimi nimebeba ndoo tangu sijaota meno ya pili, na nilibeba naimba. Tazama mkono huu.

REFA: Mkono huo umekomaa kwa kutuchapa na kijiko.

MAMA BIRIKA: Na nilikuwa nafurahia. Ndiyo maana umekomaa.

REFA: Sikilizeni mtu wa michezo. Mechi inashindwa saa ngapi? Watu watasema kipindi cha pili. Uongo. Mechi inashindwa wakati wa mapumziko. Wachezaji wamekaa chini, wamevua viatu, wanamenya machungwa, na hapo hapo goli linaingia.

MIMI: Linaingiaje, na mpira ameushika refa?

REFA: Linaingia mwilini. Kipindi cha pili mnakwenda kulichukua tu.

MIMI: Kwa hiyo Makochi apumzike.

REFA: Apumzike, lakini kwa bidii. Wengi wanapumzika kivivu, ndiyo maana hawaoni faida. Anatakiwa apumzike mpaka jasho limtoke.

MAKOCHI: Nitapumzikaje mpaka jasho linitoke?

REFA: Hilo muulize kocha. Mimi ni refa.

Makochi akatutazama mmoja mmoja. Mtu huyu kazi yake ni kuwatengenezea wenzake pa kukalia, na karakana yake wakati ule ilikuwa na kochi jipya la watu wanne, kitambaa cha bluu, linamngoja mwenye nalo. Hakuwa amelikalia hata kulijaribu. Alisema akilikalia ataonekana mvivu na mchanga uko nje unamngoja.

BETRI: Nimepata.

MAMA BIRIKA: Mungu atusaidie.

BETRI: Gari likizimika njiani, unafanya nini? Unaleta gari zima, unaunganisha waya, lililolala linaamka. Sasa angalieni benchi hili. Mimi nimepumzika hapa miaka. Refa amepumzika tangu ile mechi. Kinyozi huyu akipata kichwa kimoja asubuhi anapumzika mpaka magharibi. Tuna pumziko limejaa, hatulitumii. Tumpe.

MAKOCHI: Mnanipaje?

BETRI: Leta mkono.

Na Makochi, kwa jinsi alivyokwisha kuchanganyikiwa, akatoa mkono. Betri akaushika wa kulia, Refa akaushika wa kushoto, mimi nikaambiwa nishike bega ili umeme usipotee. Tukasimama hivyo kwenye mlango wa ngazi, watu wazima wanne, macho tumefumba. Mpangaji wa ghorofa ya pili akaja na mifuko yake ya sokoni, akatusubiri, akasema pole kwa msiba, akapita.

BETRI: Unasikia chochote?

MAKOCHI: Nasikia mkono wako una grisi.

BETRI: Hiyo ni dalili. Tuongeze muda.

REFA: Sasa mimi ndiye nachoka.

BETRI: Safi. Ina maana linatoka.

MAMA BIRIKA: Mwachieni mkono wake, kahawa inapoa.

Tukamwachia. Refa akarudi kukaa akilalamika kwamba amepungukiwa, akaomba kikombe cha kufidia. Hapo nikadhani tutageukia habari nyingine, lakini kesho ilikuwa kesho, na Makochi alikuwa bado amesimama.

REFA: Labda tumekosea mtu wa kumfanyisha mazoezi.

MIMI: Kivipi?

REFA: Wanaopanda ni wawili, anayefanya mazoezi ni mmoja. Mama naye ajifunze kubebwa. Mtu akivuta pumzi akaibana anakuwa mwepesi, ni jambo linalojulikana. Puto je?

MAMA BIRIKA: Refa, umri wa mama yule ni wa kukuzaa wewe na benchi lako. Umfanye puto?

REFA: Nimesema avute pumzi, sikusema aruke.

MAKOCHI: Basi. Wacheni. Napanda tena, labda ya leo ndiyo itakayofungua.

Akaweka kikombe chini, akainama, akalishika gunia kwenye pembe zake. Likanyanyuka kidogo, likarudi. Akajaribu tena. Usoni alibadilika rangi, na mshipa wa shingo ukajitokeza wote.

MAKOCHI: Mnaona? Hata gunia lenyewe naliona zito kuliko jana. Gunia ni lile lile. Ina maana mimi ndiye nimekwisha.

Betri akakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa.

MIMI: Betri, una neno?

BETRI: Sina. Ila… lile gunia huwa naliongezea.

MAKOCHI: Unaliongezea nini?

BETRI: Mchanga. Kidogo tu, koleo moja, ukishaondoka. Kwa nia njema, kaka. Nilisema akizoea zito, siku ya mama ataona amebeba mto.

REFA: Wewe nawe?

MIMI: Refa, "nawe" ya nini?

REFA: Mimi sikuweka mchanga. Niliweka tofali. Nusu. Nilipita nikaona gunia limelegea, limekaa bila heshima, nikasema nilinyooshe.

BETRI: Limelegea vipi, na mimi nalijaza?

Wakatazamana. Mimi ndiye niliyegeuka kumwangalia Mama Birika, kwa sababu alikuwa ameanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

MAMA BIRIKA: Nachota. Mnaniangalia nini? Nachota mchanga wa kusugulia sufuria. Ni mchanga mzuri, hauna kokoto.

REFA: Hauna kokoto, una tofali.

MAKOCHI: Unachota tangu lini?

MAMA BIRIKA: Tangu gunia liwepo. Mimi nilijua limeletwa kwa ajili ya jamii.

MIMI: Na hapo linapolala, juu yake kuna bomba la maji ya paa. Wiki hii yote mvua ilinyesha.

Makochi akalitazama gunia lake. Nilimhurumia, kwa kweli. Mtu unaweza kuvumilia kuchoka, na unaweza kuvumilia kushindwa, lakini hujui ufanye nini ukiambiwa kwamba kipimo chako kimekuwa kikila na kutapika bila wewe kujua.

MAKOCHI: Kwa hiyo mimi nimepata nguvu au nimepoteza?

BETRI: Ukitazama mchanga wangu, umepata.

REFA: Na tofali.

MAMA BIRIKA: Ukitazama sufuria zangu, umepoteza.

MAKOCHI: Nauliza kweli. Kesho namweka mama yangu mgongoni. Nataka kujua.

Refa akasimama kuonyesha kwamba jambo ni dogo. Akalishika gunia, akalisogeza upana wa kiganja, akabaki ameinama akishika kiuno, akasema ni la kawaida. Betri naye akajaribu, akasema ni jepesi, kwa sauti isiyokuwa yake. Mizani hatuna. Mimi nikasema jambo ambalo lilionekana la akili: kwamba mtu mmoja tu hapa amebeba gunia na amembeba mama, basi mtu huyo atuambie kipi kizito.

Makochi akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu mpaka kahawa ikafanya utando.

MAKOCHI: Sijui.

REFA: Hujui vipi, na mgongo ni wako?

MAKOCHI: Kwa sababu mama zamani sikumsikia uzito. Tulikuwa tunashuka anaongea. Kila ghorofa ana habari zake. Huyu wa mlango wa kijani, mume karudi, huyu ananunua samani asizo na pa kuziweka, mwanangu usimshonee. Nafika chini mbavu zinauma kwa kucheka, miguu hata siikumbuki.

MAMA BIRIKA: Kweli. Nilikuwa nawasikia kuanzia ghorofa ya tatu. Nikisikia kicheko naweka maji jikoni, najua mtafika yakichemka.

MIMI: Na siku hizi?

MAKOCHI: Siku hizi nimemwambia asinisemeshe. Tangu nianze gunia nimejifunza kubana pumzi, na mtu huwezi kubana pumzi huku unacheka. Nilimwambia, mama, nyamaza kidogo, niko kazini.

MAMA BIRIKA: Akanyamaza?

MAKOCHI: Alinyamaza. Tangu hapo hajaongea ngazini. Ananishika shingo tu. Na ndipo nilipoanza kumsikia mzito.

Makochi akakaa, hatimaye, lakini si kwenye benchi. Alikaa juu ya gunia.

MAKOCHI: Naogopa, jamani. Si kuchoka, kuchoka nimezoea. Naogopa kesho nimwangushe mama yangu kwenye ngazi ambazo nimezipanda kila siku kwa ajili yake.

Ingekuwa benchi la watu wengine, mazungumzo yangeishia hapo, mtu angeambiwa nenda kalale, tutaonana kesho. Lakini sisi tuna Refa.

REFA: Dawa imepatikana. Ni kicheko.

BETRI: Nilikuwa nasema hilo hilo.

REFA: Mazoezi yalikuwa sahihi, tulisahau kuweka raha. Sasa tunaiweka kwenye ratiba. Anacheka kila kona ya ngazi, kwa mpangilio, na gunia mgongoni. Makochi, simama. Cheka.

MAKOCHI: Nicheke nini?

REFA: Usianze kuchagua. Cheka.

Makochi akasimama, akacheka. Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile, kilitoka vipande vipande, kila kipande kimechoka kivyake. Juu yetu mtu akafunga dirisha.

REFA: Tumbo lako hukulitumia. Rudia.

MAMA BIRIKA: Unamfanyisha mazoezi ya kufurahi?

REFA: Kila kitu kina mazoezi yake.

BETRI: Ila tuangalie asizidishe. Akicheka sana naye atachoka. Itabidi apangiwe siku ya kupumzika kucheka.

MIMI: Na siku hiyo ya kupumzika afanye nini?

BETRI: Anune. Kidogo tu, ili kukusanya.

MAMA BIRIKA: Si ndiko tulikotoka?

BETRI: Hatukutoka. Kule alikuwa ananuna kwa kazi, huku atakuwa ananuna kwa raha.

Nakiri kwamba hapo mimi nilipotea kabisa. Nilijaribu kurudi nyuma nione tulipokuwa tumesimama mara ya mwisho wote tukiwa upande mmoja, sikupaona. Makochi akitakiwa kupumzika, apumzike kwa jasho. Akitakiwa kucheka, acheke kwa ratiba. Naye, masikini, alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa, na kucheka kwake kule kwa vipande kulikuwa bado kunamtoka bila yeye kutaka.

Ndipo tukasikia kandambili ngazini. Akateremka mama mmoja taratibu, mkono mmoja kwenye nguzo za ngazi, mwingine umeshika mfuko mtupu. Alikuwa mgeni benchini kwetu, ila sura yake tuliijua mara moja, kwa sababu ilikuwa ya mama yake Makochi, imepunguzwa miaka. Ni mdogo wake, aliyefika juzi alfajiri, kabla hatujakaa, kusaidia kumuuguza. Tukakunja magoti.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo? Na wewe upo hapa? Mbona tangu nifike sijakutia machoni?

— Shikamoo, mama mdogo, akasema Makochi. Nimebanwa. Nipo kwenye maandalizi ya kesho.

— Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Afadhali nimewakuta wote. Nakwenda kununua chumvi, lakini mama yako amenituma neno kwenu, kwa sababu ninyi mnakaa mlangoni, mnamwona kila anayeingia.

— Sema, mama, akasema Refa. Hapa hapapiti kitu.

Mama mdogo akakaa kwenye ukingo wa benchi, nafasi ile ile iliyokuwa ikimngoja Makochi jioni nzima.

— Kuna mtu anapanda mpaka mlangoni kwetu. Kila jioni, dada anasema, tangu siku nyingi. Mimi mwenyewe nimemsikia juzi na jana. Anapanda polepole, anafika pale juu, anahema, anatua kitu kizito. Dada akimsikia akiwa bado chini kabisa anaanza kuniharakisha. Nikalishe, anasema, nifunge kilemba vizuri, yule ni mwanangu, namjua anavyohema. Namkalisha. Tunangoja hodi. Haiji. Tunasikia tu anashuka.

Betri akaanza kuangalia grisi ya mikono yake.

— Jana nilikwenda nikafungua, akaendelea mama mdogo. Nikakuta ameshafika chini huko. Pale mlangoni kulikuwa na mchanga, nikaufagia. Nikamwambia, dada, huyo si mwanao. Mwanao angefikaje mlangoni kwako, akupe mgongo, aondoke bila hata kukujulia hali? Lakini leo tena ananihimiza nimkalishe.

Akatutazama, na hakukuwa na ubaya wowote machoni pake. Alikuwa anauliza tu.

— Sasa ni nani huyo?

Mama Birika aligeukia jiko lake, nami nikachukua kitambaa changu cha kunyolea nikakikunja, nikakikunjua.

— Nijibuni, wanangu, akasema mama mdogo. Nimemwacha amekaa, anangoja nirudi na jina.

— Mwambie, akaanza Makochi.

Alikuwa ameliinua gunia lile lililomshinda, bila kujua, amelikumbatia kifuani, na mchanga ulikuwa ukimmwagikia viatuni kutoka kwenye tundu ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa ameliona. Mama mdogo akautazama mchanga, akamtazama yeye, akaendelea kungoja.